Daktari Anapoomba Kura

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma wa Chiwanda, mwambao wa Ziwa Nyasa)



Katika mwambao huu, kutoka Chiwanda hadi Mbamba Bay na Liuli, mtu ajuaye kutibu hupewa heshima ambayo fedha haziwezi kuinunua. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku, njia ikiwa matope na ziwa limechafuka, haulizi daktari ni wa chama gani. Huuliza kama yupo. Heshima hiyo ni ya haki kabisa. Lakini hutokea siku daktari huyo akaweka chini vyombo vyake, akasimama mbele ya wananchi na kuwaambia: nipeni kura. Je, imani aliyojipatia wodini ihamie moja kwa moja kwenye sanduku la kura? Swali hilo linawahusu walimu na watumishi kuliko watu wengine, kwa kuwa aghalabu wao ndio huketi vituoni siku ya uchaguzi, na ndio wanaoulizwa na wananchi maana ya mambo.

Jibu la kwanza liko ng'ambo ya maji. Tarehe 6 Julai 1958 Dakta Hastings Kamuzu Banda alirejea Nyasaland baada ya kukaa nje kwa miaka 40 na zaidi. Alikuwa amesomea udaktari Marekani na Uskochi, akawatibu wagonjwa Uingereza, na baadaye Kumasi katika Ghana. Vijana wa Congress walimwita awaongoze kwa kuwa walihitaji mtu mzima mwenye jina na elimu. Aliupinga ukoloni, akafungwa, na mwaka 1964 Malawi ikawa huru. Hazikupita wiki nyingi, mawaziri waliothubutu kumhoji wakafukuzwa ama wakajiuzulu, na baadhi yao wakakimbilia Tanzania. Mwaka 1971 akafanywa Rais wa Maisha. Hata mpaka wa ziwa alishikilia kuwa unapita kwenye ukingo wa mashariki, yaani pale pale mvuvi wa Chiwanda anapolowesha miguu yake asubuhi. Wapiga kura hawakuweza kumwondoa mpaka mwaka 1994. Banda hakupungukiwa na elimu wala akili. Kilichopungua ni umma uliojipanga kiasi cha kumwambia kiongozi wake: hapana.

Jibu la pili linatoka Bukavu, mashariki ya Kongo, kwenye ufuko wa Ziwa Kivu, mji ambao Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya wodini. Huko alizaliwa Dakta Denis Mukwege mwaka 1955, mtoto wa mchungaji. Alisomea udaktari Bujumbura, akafanya kazi katika hospitali ya Lemera, akaenda Ufaransa kujifunza magonjwa ya wanawake, kisha akarudi nyumbani. Mwezi Oktoba 1996, vita ilipoanza, hospitali ya Lemera ilivamiwa, na wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, kwa nia ya kuwasaidia wanawake kujifungua salama. Lakini mgonjwa wa kwanza hakuja kujifungua. Alikuwa mwanamke aliyebakwa na watu wenye silaha na kupigwa risasi. Tangu hapo wanawake waliotendewa unyama wa aina hiyo waliotibiwa Panzi wamehesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Mwezi Oktoba 2012 watu wenye silaha walivamia nyumba ya daktari huyo. Mlinzi wake akauawa, naye akaenda uhamishoni pamoja na familia yake. Hapo ndipo wanawake wa kisiwa cha Idjwi, maskini wa Mungu, walipouza mananasi na vitunguu ili wapate nauli ya ndege ya kumrudisha. Alirudi Januari 2013. Mwaka 2018 alitunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel pamoja na Nadia Murad wa Iraki.

Kwa nini basi mtu wa namna hiyo aingie katika siasa? Sababu aliieleza mara nyingi: alimtibu mama, baada ya miaka akaletewa binti, na baada ya binti akaletewa mjukuu. Daktari anayeshona jeraha lile lile kwa vizazi vitatu hana budi kuuliza ni nani anayeshika kisu. Chanzo cha ugonjwa hakikuwa katika mwili wa mgonjwa. Kilikuwa katika vita, katika madini yanayoigharimia vita hiyo, na katika dola isiyowalinda raia wake. Kwa mantiki hiyo, tarehe 2 Oktoba 2023 alitangaza mjini Kinshasa kwamba atagombea Urais, akiahidi kukomesha vita, njaa na ufisadi. Wanawake walikuwa wamechanga fedha za dhamana ya ugombea, dola 100,000 hivi.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 20 Desemba 2023. Rais Félix Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 73 ya kura. Dakta Mukwege, anayejulikana dunia nzima, hakufikisha hata asilimia 1.

Wako waliocheka. Kicheko hicho ni cha watu wasiofikiri, na yafaa sababu zipimwe kwa makini. Ni kweli uchaguzi ule ulikuwa na kasoro kubwa. Vituo vingi vilichelewa kufunguliwa, upigaji kura ukaendelea kupita siku iliyopangwa, na Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kwa sababu ya vita. Tume yenyewe ilifuta kura za wagombea 82 wa ubunge na nafasi nyingine kwa udanganyifu na makosa mengine. Ni kweli pia kwamba wapinzani waligawanyika, kila mmoja na bendera yake.

Lakini hata kasoro hizo zikiondolewa, linabaki jambo moja zito. Tangu siku ya kujitangaza hadi siku ya kura zilipita siku 79, katika nchi inayozidi Tanzania kwa ukubwa zaidi ya mara mbili. Chama kidogo kilichomuunga mkono hakikuwa na mizizi vijijini. Hakikuwa na matawi ya kutosha, wala watu wa kulinda kura katika kila kituo, wala mjumbe wa kumfikia mkulima wa Kasai au Équateur ambaye hajawahi kuiona Panzi. Wanawake wa Idjwi walikuwa na moyo. Hawakuwa na chombo cha kuufikisha moyo huo nchi nzima.

Madaktari hawa wawili, mmoja aliyepata mamlaka yote na mwingine aliyekosa kura, wanafundisha somo moja. Imani kwa mtu, hata akiwa mtu mwema, si siasa mpaka igeuzwe kuwa umoja wa wananchi wanaojadiliana, wanaoamua, na wanaoweza kumwajibisha wanayemtuma. Pasipo umoja huo, daktari akishinda huweza kuwa mtawala wa maisha; akishindwa huwa picha ya ukutani.

Kusini mwa Tanzania uko mfano wa njia nyingine. Dakta Leader Stirling, Mwingereza aliyefika mwaka 1935 na kufanya upasuaji Lulindi na Mnero, aliingia katika siasa kwa kujiunga na TANU, chama chenye matawi vijijini. Akawa mbunge, na kuanzia mwaka 1975 hadi 1980 akawa Waziri wa Afya. Alitumwa, na muda wake ulipokwisha akapisha wengine. Hakuna aliyelazimika kusubiri miaka 30 ili apishe.

Hata hivyo, chama kikubwa kisijidanganye kwamba wingi wa kura ni jibu la kila swali. Mukwege alishindwa; swali lake halikushindwa. Januari 2025 mji wa Goma, na Februari Bukavu yenyewe, iliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Aliyepata asilimia 73 na aliyekosa asilimia 1 wote walikutwa na vita ile ile. Mshindi wa uchaguzi hurithi madai ya aliyeshindwa, maana mgonjwa ni yule yule.

Kwa hiyo, Ndugu Walimu na Watumishi, wajibu ni wa aina mbili. Akija mgombea wa chama kidogo, awe daktari au mvuvi, wananchi wafundishwe kumuuliza zaidi ya kusoma kwake na wema wake: nani amemtuma, atawajibika kwa nani, na akikosea ataondolewaje? Mgombea wa chama kinachotawala aulizwe vivyo hivyo, bila kupunguziwa. Na wajibu wa pili ni huu: apewe uwanja kama wenzake, asikilizwe, na kura zake, ziwe 10 au 10,000, zihesabiwe zote. Mtumishi anayemnyima mgombea mdogo uwanja kwa kudhani anakisaidia chama, anakiibia chama hicho nafasi ya kujua ugonjwa mapema. Na daktari yeyote atasema kwamba ugonjwa uliofichwa ndio unaoua.