Jana Usiku Mlikula Nini?

  

Sikukuu zimekwisha. Kuku ameliwa, chapati zimeliwa, na wageni wamerudi Nairobi na Mombasa. Kilichobaki ni karo, sare za shule, vitabu, na unga ambao kila mama anautazama kwenye mkebe na kuhesabu siku. Ndiyo maana wengine huuita mwezi huu Njaanuari. Leo basi nataka tuzungumze kuhusu chakula cha jioni cha mwezi huu, kile tunachopika kila siku wakati hakuna mgeni wala sherehe.

Katika kliniki ya watoto kuna swali tunalopenda kuuliza: "Jana, tangu asubuhi hadi usiku, mtoto alikula nini?" Januari swali hili huwatia akina mama haya. Mmoja hutazama chini, mwingine husema, "Sista, ni ugali na sukuma tu." Lile neno "tu" nimelisikia mara nyingi sana.

Januari moja niliona haya hiyo imezidi, nikaamua kuanza mimi mwenyewe. Niliwaambia akina mama waliokaa kwenye benchi, "Jana usiku kwangu tulikula ugali na kabeji. Juzi tulikula ugali na kabeji hiyo hiyo." Wakacheka. Baada ya hapo kila mmoja akasema chake. Mmoja alipika muthokoi, mwingine githeri bila viazi. Mmoja alipika omena ya shilingi chache na nyanya mbili. Mwingine alikunywa chai ya rangi na viazi vitamu.

Zamu ikafika kwa mama mmoja aliyekuwa na mtoto wa miezi 14. Uzito wa mtoto huyo ulikuwa umesimama mahali pamoja kwa miezi miwili. Tulipompima mkono kwa ule utepe wenye rangi tatu, alikuwa na sentimita 12, yaani rangi ya manjano. Nikamuuliza, "Mama, jana usiku mlikula nini?" Akajibu, "Tulikula ugali, ndengu na majani ya kunde."

Hicho ni chakula kizuri sana. Ugali unatia nguvu, ndengu zinajenga mwili, na majani ya kunde yanalinda mwili. Nilikaribia kumsifu na kumwita anayefuata. Kisha nikauliza tena, "Na mtoto, alikula kiasi gani?"

Akanyamaza kidogo. "Mtoto alikuwa amelala."

"Na juzi?"

"Juzi pia alikuwa amelala. Baba yao hufika saa mbili usiku, nami huanza kupika saa moja ili ale chakula kikiwa moto. Mtoto huchoka kungoja. Humpa chai, akanyonya, akalala."

Mama mpendwa, chakula kilikuwa ndani ya nyumba hiyo. Mama alikipika kwa bidii, tena kilikuwa cha aina zote tatu. Lakini kila usiku kilipita juu ya kichwa cha mtoto aliyelala. Tulimchunguza kama ana homa, kikohozi au kuhara, hakuwa navyo. Mlo aliokuwa akiukosa ulikuwa ule mkubwa kuliko yote ya siku.

Niliporudi nyumbani jioni hiyo saa moja na nusu, nilimkuta mwanangu mwenyewe amelala na kipande cha mkate mkononi. Tangu siku hiyo siwahukumu akina mama kwa jambo hili. Linaweza kuingia katika nyumba yoyote.

Sasa tuelewe kwa nini mlo wa jioni ni muhimu hivyo. Mtoto hunyonya maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji, hadi afikishe miezi 6 kamili. Baada ya hapo maziwa ya mama pekee hayamtoshi, ingawa anapaswa kuendelea kunyonya hadi miaka 2 na zaidi. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anahitaji kulishwa mara 2 au 3 kwa siku. Kuanzia miezi 9 anahitaji milo 3 au 4, na kitu kidogo katikati, kama ndizi au kipande cha embe. Tumbo lake ni dogo, kwa hivyo hawezi kula mara moja chakula cha kumtosha siku nzima. Akikosa mlo mmoja kila siku, hiyo ni milo 31 kwa mwezi wa Januari.

Pale kwenye benchi alikuwapo nyanya mmoja aliyemleta mjukuu wake. Mama wa mtoto anafanya kazi mjini. Mjukuu huyo alikuwa ameshiba na mkono wake ulikuwa kwenye rangi ya kijani. Nikamwomba atuambie anavyofanya. Akasema, "Mimi sina kitu kikubwa, daktari. Ninapika jua likiwa bado liko juu. Chakula kikiiva, ninapakua cha mtoto kwanza, kwenye bakuli lake. Hao wengine wana miguu, watajitafutia."

Maneno ya nyanya huyo ndiyo somo letu la leo. Chakula cha familia ni kile kile, na sufuria ni ile ile. Kinachobadilika ni saa, bakuli na namna ya kupakua.

Kwanza, saa. Jaribu mtoto awe amekula kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili na nusu jioni, kabla usingizi haujamshika. Kama baba anachelewa, mwekee chake kikiwa kimefunikwa. Mtu mzima anaweza kungoja. Kama wewe ndiwe unayechelewa kutoka kazini au shambani, zungumza na anayebaki na mtoto. Chemsha ndengu au maharagwe mapema, hata asubuhi, ili jioni kazi iwe ni kukaanga na kusonga ugali. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha huiva upesi na huokoa makaa. Lakini chakula chochote kilicholala au kilichokaa kwa saa nyingi, kipashe moto hadi kichemke kabisa kabla ya kumpa mtoto. Kikiwa na harufu au ladha iliyobadilika, kimwage.

Pili, bakuli. Watoto wetu wengi hula pamoja kutoka sahani moja. Ni desturi nzuri, inafundisha upendo. Lakini mtoto wa mwaka mmoja hawezi kushindana na kaka yake wa miaka 7. Mkubwa akimeza matonge matano, mdogo bado anachezea la kwanza. Mwache akae na wenzake, lakini awe na bakuli lake mwenyewe. Hapo utaona kwa macho yako amekula kiasi gani. Mtoto wa miezi 6 huanza na vijiko 2 au 3 vikubwa. Akifika miezi 9, mpe nusu ya bakuli la mililita 250, yaani nusu ya kikombe kikubwa cha chai. Kuanzia mwaka mmoja, robo tatu ya bakuli hilo hadi bakuli zima. Kaa naye, zungumza naye, mpe muda. Usimlazimishe na usimfokee.

Tatu, namna ya kupakua. Akina mama wengi humpa mtoto mchuzi, wakidhani nguvu iko kwenye mchuzi. Mchuzi ni maji, na maji hujaza tumbo dogo upesi. Mpe ndengu zenyewe, zikiwa zimepondwa kwa kijiko, pamoja na ugali laini na mboga iliyokatwa ndogo ndogo. Inua kijiko na ukitazame: chakula kikimiminika kama maji, ni chepesi mno. Kikikaa juu ya kijiko, ni sawa. Ongeza kijiko kidogo cha mafuta, au njugu zilizosagwa. Kama una omena, zioshe, zikaange kavu, zitwange ziwe unga, na umnyunyizie kwenye chakula. Yai moja likipatikana, usiliuze lote kwa ajili ya sukari. Mtoto naye ana haki yake.

Januari ina ugumu wake, lakini ina neema yake pia. Huku kwetu Ukambani huu ni wakati wa embe, na mvua ya vuli ikiwa njema, ndengu na kunde zinaanza kuvunwa. Kipande cha embe baada ya ndengu husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo ndani ya ndengu, na madini hayo ndiyo yanayojenga damu. Chai hufanya kinyume chake: huzuia madini hayo. Basi usimpe mtoto chai pamoja na chakula chake. Akisikia kiu, mpe maji safi yaliyochemshwa au kutiwa dawa.

Kuna jambo jingine lililotokea kwenye benchi siku ile, na sikulipanga mimi. Baada ya kila mama kusema alichopika, majirani wawili waligundua kwamba mmoja ana ndengu lakini hana mboga, na mwenzake ana majani ya kunde na maboga lakini vyakula vya kujenga mwili vimekwisha. Walikuwa wakikaa hatua chache tu kutoka mlango hadi mlango, na kila mmoja alikuwa akificha sufuria yake. Wakakubaliana kubadilishana bakuli moja kila jioni. Baadaye wakaanza kuchemsha maharagwe katika sufuria moja, leo jiko la huyu, kesho jiko la yule, wakigawana makaa.

Ndugu zangu, tunagawana chakula kwa urahisi Desemba wakati kila mtu anacho. Januari ndipo tunapofunga milango. Jaribu mwaka huu kumwambia jirani unayemwamini, "Mimi leo nina kunde, wewe una nini?" Hilo si kuomba. Na mkigawana chakula, oshweni mikono yote kwa sabuni, ya wapikaji na ya watoto, kabla ya kugusa chakula.

Sasa nanyi mtataka kujua habari za yule mtoto wa miezi 14. Mama yake alizungumza na mhudumu wa lishe, akapewa tarehe ya kurudi baada ya wiki 2. Alianza kupika saa kumi na moja. Alituambia kwamba mumewe alipoelezwa sababu, hakuuliza tena kwa nini chakula chake kimefunikwa. Mwezi wa Machi mkono wa mtoto ulikuwa umefika sentimita 12 na milimita 7, kwenye kijani, na mstari wa uzito katika kitabu chake cha kliniki ulikuwa umeanza kupanda. Ndengu ni zile zile, na ugali ni ule ule.

Kabla sijaaga, shikeni dalili hizi. Mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo kama utepe unaonyesha nyekundu, yaani chini ya sentimita 11 na nusu. Kama miguu yake yote miwili imevimba. Kama amekataa kula au kunyonya. Au kama anatapika kila kitu. Usingoje hadi upate pesa za karo, na usingoje mwezi uishe. Kama huna utepe nyumbani, mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako anao, mwite akupimie.

Na leo jioni, unapoinua kifuniko cha sufuria, pakua bakuli la mdogo kabla ya sahani nyingine zote. Kisha jiulize swali letu kabla hujalala: jana usiku sisi tulikula ugali na sukuma, na mtoto je, alikula?

Ni mimi muuguzi wenu. Nawatakia mwaka wenye afya, na chakula chema cha jioni. Kwaherini.