WATU WA MKALAMA NA DAFTARI LA CHAMA
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu



Katika sikukuu kama hii ni desturi kusema juu ya ghala, mizani, bei na malipo. Hayo yatasemwa na wengine wanaoyajua vizuri kuliko sisi. Sisi tumepewa kazi ya kusema juu ya watu, maana chama cha ushirika ni watu kabla ya kuwa jengo. Na anayetaka kujua chama chake kitakuwaje miaka kumi ijayo, hana budi kwanza kujua watu wa nchi yake ni wangapi, ni akina nani, na wanaishi juu ya ardhi ya namna gani.

Ili maneno yetu yasiwe mapana mno, tumechagua wilaya moja katika Mkoa wetu wa Singida, nayo ni Mkalama. Walio wa Iramba, Ikungi, Manyoni, Itigi na Singida wasione wamesahauliwa. Yatakayosemwa juu ya Mkalama, kila mmoja aweza kuyapima kwa kijiji chake.

Wilaya ya Mkalama ni changa. Ilizaliwa mwaka 1966? La, wala si wakati wa Wadachi. Ilikatwa kutoka Wilaya ya Iramba mwaka 2012, na makao yake makuu yakawekwa Nduguti. Lakini jina lake ni la zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wadachi walijenga boma lao Mkalama, wakatawala kutoka hapo sehemu kubwa ya nchi hii, na jina hilo likaandikwa katika ramani za dunia wakati miji mingi ya leo ilikuwa bado pori. Upande wa kaskazini Mto Sibiti hutoka Ziwa Kitangiri ukienda Ziwa Eyasi, na ng'ambo yake ni Meatu. Zamani mto huo ulipofurika safari ilikoma. Siku hizi daraja limejengwa, na magari ya mizigo yapita. Upande wa kusini barabara kuu iendayo Nzega yapita Iguguno. Kwa hiyo Mkalama si kona iliyofungwa, bali ni njia ya watu.

Na watu wenyewe si wa namna moja. Wako Wanyiramba na Wanyisanzu, ambao nchi hii yajulikana kwa majina yao, wako Wanyaturu, wako Wadatoga na ng'ombe wao, wako Wasukuma waliovuka kutoka kaskazini na majembe yao ya kukokotwa, wako Wairaqw. Tena wako Wahadzabe, wanaoishi kwa asali, mizizi, matunda na nyama ya porini, na ambao baadhi yao wana kijiji chao Munguli, katika Kata ya Mwangeza. Watu wote hawa wasikilizana kwa Kiswahili, wanauziana nafaka na mifugo mnadani, na watoto wao wasoma katika madarasa yale yale.

Sasa tuje kwenye hesabu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 188,733 katika Mkalama. Katika Mkoa mzima wa Singida sensa ya mwaka 1967 ilipata watu 457,938. Mwaka 1988 walikuwa 791,814. Mwaka 2002 walikuwa 1,090,758. Mwaka 2012 walikuwa 1,370,637. Na sensa ya mwaka 2022 ilipata watu 2,008,058. Yaani mtoto aliyezaliwa mwaka wa sensa ile ya 1967, alipotimiza miaka 55 alikuta watu wa mkoa wake wamezidi mara nne. Katika miaka kumi kati ya 2012 na 2022 peke yake waliongezeka watu zaidi ya 637,000. Tanzania nzima iliongezeka kwa kadiri ya watu 3 na kitu kwa kila 100 kila mwaka. Singida iliongezeka karibu watu 4 kwa kila 100. Mwendo huo ukiendelea, watu huwa mara mbili kabla ya miaka 20 kwisha.

Ardhi haikuongezeka hata hatua moja. Mkoa wetu una kilomita za mraba zaidi ya 49,000. Mwaka 1967 kila kilomita ya mraba ilikuwa na watu 9 hivi; mwaka 2022 ilikuwa na watu 40. Wako watakaosema kwamba 40 bado ni wachache, tukijilinganisha na nchi za milimani zenye migomba na kahawa. Ni kweli kwa hesabu ya karatasi. Lakini mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili, na katikati yake huja ukame mfupi unaoweza kuua mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Sehemu nyingine ni mawe matupu, nyingine ni mbuga inayotuama maji, nyingine ni maziwa ya chumvi. Wazee wetu hawakulima mtama na uwele kwa kukosa akili ya mahindi. Walijua nchi yao. Na njaa iliyofuata Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918 iliwatoa watu wengi wa nchi za katikati makwao wakitafuta chakula kwa jirani. Nchi ya mvua haba hujaa watu upesi kuliko ionekanavyo kwa macho.

Tutoe mfano ulio wazi. Tuseme mzee mmoja ana shamba la ekari 12. Alizeti ekari 4, mtama ekari 4, mahindi na dengu ekari 4. Ana watoto wanne. Akiwagawia sawasawa, kila mmoja apata ekari 3. Kila mmoja wa hao akipata watoto watatu, mjukuu apata ekari 1. Mzee alileta ghalani magunia mengi. Mjukuu ataleta nini, baada ya kula? Ndipo kijana huchukua mojawapo ya njia tatu. Ama ahamia mjini. Ama akata msitu alime pori jipya au achome mkaa. Ama abaki kijijini bila shamba, akikodi kipande hiki mwaka huu na kingine mwaka ujao. Njia ya pili yatutia hofu hasa, maana pori tunaloliita tupu si tupu. Ni malisho ya Mdatoga, ni chemchemi ya mto, na kwa Mhadzabe ndilo shamba lenyewe, ndilo ghala lake. Chama cha wakulima kinachodai haki kwenye mizani hakiwezi kufumba macho mwanachama wake anapopima shamba ndani ya ardhi ya mtu mwingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka mpango wa matumizi ya ardhi na hati za hakimiliki ya kimila. Vijiji ambavyo havijamaliza kazi hiyo twaviomba vifanye haraka, kabla ya ugomvi na si baada yake.

Ndugu wanachama, twaja sasa kwenye shina la maneno yetu. Serikali huhesabu watu kila baada ya miaka kumi, na kwa hesabu hiyo Halmashauri ya Wilaya hujua madarasa, zahanati na visima vinavyotakiwa. Chama nacho kina sensa yake, nayo ni daftari la wanachama. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza kwamba hata watu hupotea vivyo hivyo. Tufungue daftari la chama cho chote cha msingi tujiulize maswali matatu. Wangapi kati ya walioandikwa wamekwisha kufariki au kuhama? Wangapi kati yao ni wanawake? Wangapi ni vijana? Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba katika nchi yetu watu wapatao 43 katika kila 100 walikuwa chini ya umri wa miaka 15. Hao ndio watakaoingia mashambani katika miaka kumi ijayo. Daftari lisilo na nafasi yao ni daftari la jana.

Na juu ya wanawake tuseme bila kuficha. Ni nani anayepalilia alizeti? Ni nani anayeamia ndege katika mtama tangu alfajiri? Ni nani anayepepeta dengu? Mara nyingi ni mama. Lakini gunia lifikapo kwenye mizani, jina linaloandikwa ni la baba, malipo yaenda kwa baba, na kura katika mkutano ni ya baba. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimempa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Haifai haki iliyokwisha kuandikwa katika sheria ya nchi ikwame mlangoni mwa chama chetu.

Twajua neno linalosemwa na baadhi ya wazee waliokijenga chama hiki, na neno lao lastahili kujibiwa kwa adabu. Husema hivi: "Sisi tulitoa hisa wakati wengine walitucheka. Tulibeba matofali ya ghala. Leo mwataka aingie kijana mwenye ekari moja ya kukodi, naye apige kura sawa na yetu, agawe tulichokiweka?" Si neno la choyo, ni neno la mtu anayelinda jasho lake. Lakini tufikiri pamoja. Mlinzi wa ghala hulipwa mshahara ule ule, ghala likiwa na magunia mia au elfu. Mizani ni ile ile. Karani ni yule yule. Magunia yakiwa mengi, gharama ya kila gunia hupungua. Yakiwa machache, hupanda. Tena katika mnada wa stakabadhi ghalani mnunuzi mkubwa hufuata mzigo mkubwa, wala hatumi lori kwa magunia kumi. Na yule kijana tuliyemfungia mlango hatakaa na dengu zake nyumbani. Atamwuzia mlanguzi njiani, kwa lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, na bei hiyo ya njiani ndiyo itakayovuta chini bei yetu sote. Basi kumwacha nje hakulindi jasho la wazee, kunalipunguza. Naye akiingia, ataingia kwa kulipa kiingilio na hisa kama masharti yanavyosema, si kwa kupewa bure.

Tukumbuke pia mambo yaliyopita. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini, na kazi zao zikapewa mamlaka za mazao na vijiji; vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Miaka ile iliwafundisha wakulima kwamba ghala na malori vyaweza kuhamishwa kwa amri ya siku moja. Kisichohamishika ni watu wanaojua mali yao, wanaohudhuria mikutano, na wanaosoma hesabu. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 imetupa mlango ulio wazi kwa kila atimizaye masharti. Nguvu ya mlango huo ni kuingiwa.

Kwa hiyo twaleta mbele yenu maombi matatu, myajadili katika vyama vyenu vya msingi.

Kwanza, kila mwaka kabla ya mavuno daftari lipitiwe kijiji kwa kijiji na kitongoji kwa kitongoji. Waliofariki waondolewe na warithi wao wapewe haki yao, waliohama waulizwe.

Pili, kila nyumba ya mwanachama iulizwe kama mke na watoto waliokwisha kufikia umri wataka kuandikwa kwa majina yao wenyewe, na wale wasioweza kutoa hisa kwa mkupuo waruhusiwe kulipa kidogo kidogo kutoka katika mazao yao, kadiri masharti yatakavyoruhusu.

Tatu, sehemu ya ziada ya kila mwaka itengwe kwa ajili ya ardhi yenyewe: mbegu bora za alizeti na mtama, samadi irudishwe shambani badala ya kurundikana zizini, makinga maji katika miteremko, na mizinga ya nyuki katika misitu iliyobaki. Mwenye ekari 3 akilima vizuri aweza kumshinda mwenye ekari 12 anayekwaruza juu juu. Hii ndiyo njia ya nne, ambayo hatukuitaja pale tulipotaja zile tatu za kijana.

Nanyi Ndugu Maofisa na Waheshimiwa Madiwani, tuna neno kwenu. Tangu mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na wakulima walishukuru. Ushuru huo hulipwa kwa moyo pale mkulima anapoona barabara ya kijiji chake yapitika wakati wa masika. Mwanachama na mlipa ushuru ni mtu yule yule, tumtumikie pamoja.

Miaka kumi ni umri wa mtoto anayeanza kutumwa dukani na kurudi na chenji kamili. Chama chetu kimefika umri huo, na sasa ndugu zake wadogo ni wengi nyumbani. Kazi iliyo mbele yetu ni kuwatafutia wote nafasi kwenye mkeka, kabla chakula hakijaletwa.

Mungu aibariki mvua ya mwaka huu, na abariki mikono ya wakulima wa Singida.