Mifuko ya Hewa ya Range Rover na Usalama wa Mwenye Gari
Range Rover, gari la kifahari la Uingereza lililoingia sokoni mwaka 1970, lilianza katika miaka ya 1990 kufungwa mifuko ya hewa, yaani springi za mpira zinazojazwa upepo na kompresa, badala ya springi za chuma. Mpira huo huchakaa na kupata nyufa ndogo kwenye mikunjo yake, hivyo gari lililoegeshwa usiku likakutwa asubuhi limeinama kona moja mara nyingi huwa linavuja upande huo. Mwenye gari anaweza kuhakikisha kwa kupaka maji ya sabuni kwenye mikunjo na maungio ya paipu, kwani mapovu hujitokeza pale pale penye tundu. Kuvuja huko kusipuuzwe, kwa sababu kompresa hulazimika kujaza upepo mfululizo hadi ikaungua, na hasara ya kifaa kimoja ikawa ya viwili. Hatari kubwa kuliko zote ni kuingia chini ya gari lililoinuliwa kwa upepo au jeki peke yake: mfuko ukiishiwa upepo, bodi hushuka ghafla na kumbana aliye chini, kwa hiyo ni lazima gari likalishwe juu ya stendi imara za chuma, na upepo utolewe kabla ya kufungua paipu yoyote.