Hibiskasi ya Uani na Maradhi Yake

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya mti ambao kila mtu huuona, walakini ni wachache wanaoutazama. Mti huo ni hibiskasi, wenye maua makubwa, aghalabu mekundu, na utambi mrefu unaotokeza katikati ya kila ua.

Lugha yetu ina neno moja, ua, lenye maana mbili: ua la kutazama, na ua wa kuzungushia nyumba. Hibiskasi hutupa yote mawili, maana hupandwa ikafanya ukuta wa majani, tena ukuta huo huchanua. Mwaka 1753 bingwa Linnaeus wa Uswidi aliipa jina la Kilatini ambalo maana yake ni waridi la Uchina. Mti huu ni jamaa mmoja na pamba, na mbamia, na choya inayotupa kinywaji chekundu. Tuukumbuke udugu huo, maana utatufaa mbele.

Sasa tutawasimulia kosa letu wenyewe. Katika chuo cha waalimu tulichokuwa tukifundisha, wanafunzi walipanda ua wa hibiskasi kuzunguka kiwanja, na kila mmoja akapewa hatua kumi azitunze. Mwezi wa Septemba, wakati wa ukavu, miti ya kijana mmoja ikaanza kugeuka manjano. Majani yakalegea, yakaanguka, na huku miti ya wenziwe imesimama mizima. Tulipita, tukatazama, tukahukumu. Tukamwambia, "Mwanangu, wewe ni mvivu. Miti yako ina kiu." Akajibu kwa heshima, "Mwalimu, naitia maji kila jioni." Hatukumsadiki. Tukamwamuru atie maji asubuhi na jioni, tena asiende kucheza mpira mpaka miti ipone.

Akatii. Baada ya majuma matatu miti minne ikafa kabisa.

Ikawa siku moja bibi mmoja jirani, ambaye ua wake ulikuwa mzuri kuliko wetu, akapita njiani akasimama. Akatuuliza, "Mwalimu, umetazama mizizi?" Hatukuwa na jibu. Akaomba jembe, akaung'oa mti mmoja. Mizizi ilikuwa myeusi, laini kama ndizi iliyooza, tena ilinuka. Ndipo tulipoona kwamba sehemu ya kijana yule ilikuwa chini ya mteremko, katika udongo mzito wa mfinyanzi, karibu na bomba, na maji yote yaliyomwagika hapo yalituama miguuni pa miti yake. Alikuwa amesema kweli tangu mwanzo, nasi tulimzidishia kazi iliyoua miti. Siku ya pili tulisimama mbele ya darasa zima tukamwomba radhi.

Basi, wasikilizaji, kanuni ya kwanza ni hii: jani la manjano halitoshi kuwa ushahidi. Mti wenye kiu hugeuka manjano, na mti uliozama majini hugeuka manjano vile vile. Chomeka kidole chako udongoni mpaka kifundo cha pili. Ukikuta unyevu, weka ndoo chini. Ukikuta pakavu, tia maji mengi mpaka yazame, kisha ngoja udongo ukauke kidogo kabla ya kutia tena. Usinyunyize maji machache kila siku, maana mizizi haitashuka chini. Tandaza majani makavu juu ya udongo ili unyevu usipotee, lakini yasiguse shina. Na mahali penye maji yanayotuama, inua tuta kwanza, ndipo upande.

Huenda ukaona majani machanga yamekuwa manjano, na mishipa yake ingali kijani. Huko ni kukosa chuma, nako hutokea mara nyingi katika udongo wenye chokaa nyingi. Samadi iliyooza vizuri husaidia.

Adui wa pili katika nchi hizi ni baridi. Mji wa Mbeya uko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na Iringa haiko mbali na hapo. Mwezi wa Juni na wa Julai hibiskasi huacha kukua, na majani mengine huanguka. Jambo hilo lisikutie hofu. Lakini katika nchi za juu zaidi kama Kitulo, na katika mabonde ambamo baridi hujikusanya usiku, huanguka sakitu, yaani umande ulioganda, nayo huchoma machipukizi yakawa meusi kama yaliyopitiwa na moto. Ukikaa mahali kama hapo, panda hibiskasi upande wa kaskazini wa nyumba, karibu na ukuta, kwa kuwa miezi hiyo jua hupita upande huo.

Kwa sababu iyo hiyo usikate matawi mwezi wa Aprili wala wa Mei. Ukikata wakati huo, mti hutoa machipukizi mororo, na baridi huyakuta bado machanga. Ngoja mpaka mwisho wa Agosti au Septemba, kisha punguza theluthi moja ya kila tawi. Usiogope kisu, maana hibiskasi huchanua juu ya matawi mapya.

Wa tatu ni wadudu. Ukiona majani yamepakwa weusi kama masizi ya chungu, na sisimizi wanapanda na kushuka, geuza jani utazame chini yake. Utakuta vidukari, au vidung'ata vyeupe kama pamba. Hao hufyonza maji ya mti na kutoa utomvu mtamu. Sisimizi huufuata utamu huo, na ukungu mweusi huota juu yake. Kusugua weusi peke yake ni kazi bure. Changanya kijiko kidogo cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, upige chini ya majani wakati wa jioni, wala si katika jua kali. Rudia baada ya siku saba. Mdudu mdogo wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, usimwue, maana yeye hula vidukari. Na hapa ndipo udugu tuliousema unapotufaa: wadudu wengi wa hibiskasi huhamia kwenye mbamia. Mwenye kulima mabamia Usangu au Kyela akague ua wake kabla ya kulaumu mbegu.

Watu wengine hulalamika kwamba vitumba huanguka kabla ya kufunguka. Mara nyingi sababu ni maji yasiyo na utaratibu, leo mafuriko, kesho ukame. Lakini ua lililokwisha kufunguka likinyauka baada ya siku moja, usisikitike. Hayo ndiyo maisha yake.

Ukitaka miti mipya, mvua zinapoanza kata kipande cha tawi lililokomaa nusu, urefu wa shubiri moja. Ondoa majani ya chini, kichomeke katika udongo mwepesi kivulini, nacho kitatoa mizizi kwa muda wa majuma sita hivi.

Hivyo ndivyo alivyofanya kijana yule. Alikata vipande kutoka ua wa bibi jirani, akainua tuta, akapanda upya sehemu yake, na mwaka uliofuata ikachanua kuliko sehemu zote. Nasi tangu siku ile, tukiona mti umenyong'onyea, hupiga magoti tukatia kidole udongoni kabla ya kumwita mtoto. Kwaherini.