Hotuba ya Mwenyekiti kuhusu gari la kikundi na madai ya bima



Risala mmekwisha kuisikia kwa Katibu, na hesabu za hisa na mikopo atazisoma Mhazini. Mimi nimeombwa niseme juu ya gari. Watu wengi wananiuliza, sokoni na hata msibani, kile kirikuu chenu mbona kilikaa gereji miezi minne, na je, ni kweli mlivutana na kampuni ya bima? Ni kweli. Naomba niyaseme yote leo na yaandikwe kitabuni, ili maneno ya njiani yaishe.

Gari tulilinunua mwaka 2019 kwa faida ya mikopo, libebe mpunga na vitunguu vyetu kwenda Kilosa na Mikumi. Tulilikatia bima kubwa. Wengine hapa hawajui tofauti, basi nieleze. Bima ndogo ni ile ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari, nayo inamlipa yule uliyemuumiza wewe. Gari lako mwenyewe likipondeka, bima ndogo haina habari nalo. Bima kubwa inalitengeneza na lako. Wazee mtakumbuka kwamba baada ya 1967 bima ilikuwa Shirika la Bima la Taifa tu, hukuwa na pa kuchagua. Sheria ya 1996 ikafungua mlango kwa kampuni binafsi, na sasa ziko nyingi. Sisi tulichagua moja. Jina lake siliweki hapa, maana tulikwisha kumalizana.

Mwaka 2022 dereva wetu alikuwa Mikumi mjini kwenye barabara kuu. Wote mnaijua barabara ile, malori ya Zambia na Kongo hayalali. Alipopunguza mwendo kwenye tuta, lori likampiga kwa nyuma. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Polisi walikuja, wakapima, wakaandika kwamba kosa ni la lori. Kwa kuwa tulikuwa na bima kubwa, tulikwenda kwenye kampuni yetu wenyewe, na wao ndio wakadaiane na mwenye lori.

Kampuni ikamtuma mkaguzi wake. Kijana mpole, hata chai alikunywa kwetu. Akalizunguka gari, akapiga picha bampa, taa na mlango wa nyuma wa bodi, akaandika. Hakuinama chini hata mara moja. Katibu wetu akamwambia, "Mwanangu, gari halijafunguliwa, andika basi kwamba huenda kuna ubovu wa ndani." Akajibu kuwa hiyo si kawaida. Katibu akachukua nakala yetu, akaandika maneno hayo mwenyewe kwa kalamu na tarehe, na kijana akatia sahihi. Mstari ule mmoja, jamani, ndio uliotuokoa.

Fundi alipoondoa bodi alikuta chesisi imepinda upande wa kushoto na difu imesogea. Ungeweza kupaka rangi, kuweka taa mpya, gari likapendeza kabisa, lakini lingekwenda upande kama kaa na kula tairi kila wiki. Tena na mzigo wa magunia! Fundi akasimamisha kazi, tukaipigia simu kampuni. Kampuni ikajibu: ukaguzi umefungwa, na chesisi hiyo ilipinda zamani kwa sababu ya barabara mbovu ya Ulaya. Wakatuletea hati ya kukubali malipo ya bampa, taa na mlango. Ndani yake imeandikwa kwamba ukishatia sahihi huna madai mengine tena juu ya ajali ile.

Hapo ndipo kikundi kilitaka kuvunjika. Mgao ulikuwa karibu, na gari halikuwa linaingiza hata senti. Wapo waliosema tutie sahihi, tupokee kilichopo. Mama mmoja alilia kabisa, mwanawe alikuwa anaanza fomu wani. Simlaumu, shida yake ilikuwa ya kweli. Lakini kutengeneza chesisi kungekula mgao wa watu wote. Tulikaa mpaka taa ikawashwa, tukapiga kura, na kura za kutotia sahihi zikazidi kwa nne tu. Mama yule tulimpa mkopo wa dharura kutoka mfuko wa jamii.

Sasa, ushahidi tulitoa wapi? Kwenye sanduku letu la funguo tatu! Mhazini haruhusu senti itoke bila risiti, na wengine mlikuwa mnamcheka. Alikuwa na risiti ya Morogoro ya kununua tairi na kunyoosha magurudumu, miezi miwili kabla ya ajali. Chesisi iliyopinda isingenyoosheka vile. Fundi naye alionyesha pale chuma kilipojikunja: rangi imebanduka na chuma kinang'aa, hakuna kutu. Ubovu wa zamani una kutu na matope. Tukapiga picha, na fundi tukamwambia asitupe chuma chochote.

Barua ya kwanza tuliomba mambo mawili: watupe sababu ya kukataa kwa maandishi, wakionyesha ni kifungu gani cha mkataba, na walete mkaguzi mwingine gari likiwa limefunguliwa. Wiki tatu kimya. Ya pili tukaweka nakala kwa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Tukasema pia kwamba tukishindwana tutakwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya 2009. Kwake hutozwi ada, ila lazima uwe umekwisha kulalamika kwanza kwenye kampuni yenyewe. Hatukufika huko. Mkaguzi wa pili alikuja na ovaroli, akalala chini ya gari, akainuka akasema, "Mama, hii ni ya ajali."

Walilipa chesisi na difu. Springi walikataa, na kusema haki springi zile zilikuwa zimechoka, hata mimi nisingelipa. Makato yetu tulilipa kama mkataba unavyosema. Siku ambazo gari lilikaa bure hawakulipa, maana bima yetu haikuwa na kipengele hicho. Tangu hapo kabla ya kukata bima tunasomewa mkataba wote kikaoni, hata kama unachosha.

Nakala za barua zote ziko kwenye faili kwa Katibu. Mwenye shida kama hii aje azisome, awe mwanachama au si mwanachama, ila faili lisitoke ofisini. Sasa namkaribisha Mhazini na hesabu zake.