Karani Ajitengenezee Msaidizi Wake

(Mazungumzo na makatibu, waweka hazina na makarani wa vikundi vya kujisaidia vya Kericho na Bomet)



Tumeombwa tuzungumze juu ya akili bandia, yaani zile programu ambazo unaziandikia kwa lugha ya kawaida nazo zinakujibu, kama ChatGPT iliyotolewa kwa watu wote Novemba 2022. Hatutaizungumzia kwa jumla, maana mambo ya jumla mmeyasikia redioni. Tutashika jambo moja. Tunataka kuona jinsi mtu ambaye hakusomea kompyuta, awe karani wa duka la ushirika au katibu wa kikundi cha akina mama, anavyoweza kujitengenezea msaidizi wa kumpunguzia kazi za kurudiarudia. Na sisi tunaomsaidia, tufanye hivyo bila kuishika kazi yake mikononi mwetu.

Lakini kwanza tuseme lililo moyoni. Huku kwetu neno "mashine" halisikiki vizuri. Mashine za kuchuma chai ziliingia katika mashamba makubwa, na wengi wetu tuna ndugu au jirani ambaye kikapu chake kimetundikwa ukutani tangu siku hizo. Mei 2023 baadhi ya mashine hizo zilichomwa moto hapa Kericho, na watu wakaumia. Hatukuja kuhukumu moto ule. Tunachotaka mkione ni kwamba uamuzi juu ya mashine ile ulifanywa ofisini, na mchumaji akaletewa tu. Ndiyo maana mtu akija na chombo kingine kipya, watu huuliza mara moja: na hiki kimekuja kumtoa nani?

Swali hilo ni halali. Hata Baba Mtakatifu Leo wa 14, siku chache baada ya kuchaguliwa Mei 2025, aliwaambia makardinali kwamba mojawapo ya sababu za kuchagua jina lake ni Leo wa 13, aliyeandika juu ya haki za wafanyakazi mwaka 1891 wakati wa viwanda vikubwa, na kwamba akili bandia inaleta maswali ya namna ileile juu ya utu, haki na kazi. Na tusisahau kwamba akili hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Januari 2023 gazeti la Time la Marekani lilieleza habari za vijana wa Nairobi waliosoma na kupanga maandishi machafu ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka, wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Kwa hiyo mikono ya Kenya imo ndani yake tayari. Sasa tunauliza kama mikono ya Kenya inaweza pia kukishika chombo chenyewe.

Tunaona inaweza, kwa sababu tofauti moja. Mashine ya kuchuma chai huwezi kuitengeneza nyumbani. Lakini msaidizi wa namna hii hutengenezwa kwa maneno, na anayejua maneno ya kazi ni yule anayeifanya. Injinia wa Nairobi hajui kwamba mwanachama wako fulani akiandika "ile ya kawaida" ana maana ya mifuko miwili. Wewe unajua.

Wale waliopitia mafunzo ya DELTA, yaliyoanza nchini mwetu mwaka 1974, watakumbuka kwamba hatukuanza kwa kufundisha. Tulianza kwa kusikiliza, watu wataje wenyewe kinachowachosha. Hapa pia ni hivyo. Anayekuja kijijini na kompyuta chini ya kwapa na kusema "nimewaletea programu" amekwisha kukosea njia. Aketi, aulize: ni kazi gani unayoifanya kila juma, inayokula muda, na ambayo hata ukiwa umechoka unaweza kuifanya bila kufikiri sana? Hiyo ndiyo ya kuanzia.

Tuchukue mfano wa mbolea, maana unatuhusu. Wengi wenu mnapeleka majani kwa viwanda vya wakulima wadogo chini ya KTDA, na mnajua habari ya mbolea ya NPK 26:5:5. Mkulima anaagiza mifuko, anaichukua kwa mkopo, halafu anakatwa kwenye malipo ya majani. Katika kikundi kimoja tulichokaa nacho, katibu hukusanya maagizo ya wanachama kabla ya kuyapeleka mbele. Ujumbe unaingia kwa simu, na kila mtu na mtindo wake. Mmoja anaandika "mifuko mitatu", mwingine "4 bags tafadhali", mwingine anatuma salamu ndefu za familia na idadi imefichwa katikati kama sindano kwenye majani. Mama huyo alikuwa akikesha usiku mbili akinakili kwenye daftari.

Hatukumwandikia chochote. Tulimwambia: fikiri umepata kijana wa Form Four, mwaminifu, mwenye bidii, lakini hajui lolote juu ya kikundi chenu. Utamwelezaje kazi hii? Akaanza kueleza kwa mdomo, mwenzake akaandika. Soma kila ujumbe. Chukua namba ya mwanachama na idadi ya mifuko. Panga kwenye jedwali, mstari mmoja kwa kila mwanachama. Mtu akituma mara mbili, shika ujumbe wa mwisho. Ilijaa nusu ukurasa wa daftari, basi. Maneno hayo ndiyo yaliyochapwa kwenye simu, na chini yake jumbe zikabandikwa, namba za wanachama zikiwa mahali pa majina.

Jaribio la kwanza alilifanya kwa maagizo ya msimu uliopita, ambayo hesabu yake ilikuwa imekwisha kuthibitishwa. Hilo tunalisisitiza sana. Usimjaribu msaidizi kwa kazi ambayo jibu lake hulijui. Jedwali likatoka safi, isipokuwa mahali pamoja. Mwanachama mmoja alikuwa ameandika "kama mwaka jana", na programu ikamwandikia mifuko miwili. Imeitoa wapi miwili? Haikuitoa popote. Hizi programu zikikosa jibu huwa na tabia ya kujaza pengo kwa sauti ya mtu anayejua, na hilo ndilo kosa lao kubwa. Yule mama akacheka, akaongeza mstari kwenye maagizo yake: "Usipoona idadi iliyoandikwa wazi, usikisie. Andika ULIZA." Jaribio la pili, ULIZA ikatokea mahali pake, akampigia mwanachama simu.

Kwa maoni yetu, dakika ile alipoongeza mstari ule ndipo alipoacha kuwa mtumiaji na kuwa mtengenezaji. Hakuna diploma iliyohitajika.

Sasa neno juu ya hesabu, na waweka hazina mtusikilize. Programu hizi ni hodari wa maneno, lakini kwenye kujumlisha safu ndefu ya tarakimu zinaweza kuteleza bila kukuambia. Kwa hiyo usiiambie ikujumlishie michango. Iambie ikuandikie kanuni ya kujumlisha, kisha kanuni hiyo uiweke kwenye jedwali la kompyuta kama Excel. Kanuni ikiwa sawa leo, na kesho itajumlisha vilevile, na hata mkaguzi ataiona. Ni kama tofauti ya kumwuliza mtu jumla kichwani mwake na kumpa mizani. Pale kituo cha kununulia majani hakuna anayekubali kilo za kukisia. Tunasimama karibu na mizani tukiangalia namba. Basi na fedha za chama ziwe na mizani.

Ukishazoea hayo, unaweza kupiga hatua ya pili, ya kuifanya kazi ijiendeshe. Badala ya kubandika jumbe kwa mkono, mnaweka fomu fupi ambayo mwanachama anaijaza kwa simu, na majibu yanaingia yenyewe kwenye jedwali. Jumatatu jedwali linaonyesha nani hajajaza, na msaidizi anaandika rasimu ya ukumbusho. Kumbukeni ni rasimu. Katibu anaisoma kwanza, ndipo anaituma. Tumeona afadhali kila msaidizi awe na mlango mmoja ambao haupiti mpaka mtu amefungua, na kwa fedha iwe milango miwili: katibu na mweka hazina. Wenye simu za kabambe wasiachwe nje. Wapige simu au waje wenyewe, na katibu awajazie.

Juu ya siri tutasema kwa ukali kidogo. Ujumbe wa M-Pesa unaweza kuwa na jina la mtu na namba yake, pamoja na kiasi alicholipa. Ukiubandika ulivyo kwenye programu ya kigeni, umetoa habari za mwenzako bila ruhusa yake. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na hata kama isingekuwapo, tunajua aibu ya mtu ambaye deni lake limetajwa sokoni. Tumieni namba za uanachama. Habari za wagonjwa wa zahanati zisiingizwe kabisa.

Na lugha? Kiswahili zinakijua kiasi cha kutosha. Kipsigis tulijaribu, zikatoa maneno yaliyowachekesha wazee mpaka machozi. Kwa hiyo matangazo ya Kipsigis andikeni wenyewe.

Linabaki swali ambalo kijana mmoja anayefanya kazi ya ukarani alituuliza pembeni: "Nikimwonyesha mkubwa wangu kwamba kazi ya siku mbili sasa ni ya saa moja, si nitakuwa nimejichimbia kaburi?" Hatuwezi kumdanganya. Inawezekana. Wako waajiri watakaohesabu saa zilizookolewa na kupunguza watu. Ndiyo sababu tunashauri mazungumzo yaje kabla ya chombo. Kwa wale walioajiriwa mashambani na viwandani, jambo hili lipelekwe kwa wawakilishi wa chama cha wafanyakazi, KPAWU, liingie katika majadiliano ya makubaliano ya pamoja, kama suala la mashine za kuchuma lilivyostahili kujadiliwa mapema. Waulize: muda uliookolewa utatumiwaje? Nani atafundishwa kazi gani mpya?

Kwa vikundi vyetu wenyewe hatuna wa kumlaumu, maana mwajiri ni sisi. Katibu akiokoa usiku mbili, kikundi kisimrundikie kazi nyingine siku hiyohiyo. Yule mama wa mbolea alisema angependa kuwatembelea wanachama watatu walioacha kuja mikutanoni, na wenzake wakakubali. Programu haiwezi kwenda kukaa jikoni kwa mtu na kuuliza kulikoni.

Tena, msaidizi asiwe wa mtu mmoja. Maagizo yaandikwe kwenye daftari la kikundi, pamoja na tarehe ya kila mstari ulioongezwa na sababu yake. Watu wawili angalau wajue kuyatumia. Tumeona kikundi ambacho kijana mmoja tu ndiye aliyejua neno la siri, naye akapata kazi Nakuru.

Kwa mkutano ujao kila kikundi kilete watu wawili, mmoja mwenye umri na mmoja kijana, na daftari. Yule mwenye umri ndiye atakayeeleza kazi; kijana ataandika bila kumsahihisha. Chagueni kazi moja isiyohusu fedha, na mje na mfano wake wa mwezi uliopita ambao majibu yake mnayajua. Simu moja ya kisasa kwa kikundi inatosha, na mchangie bando mapema. Chai itakuwapo.