Kutoka Chemchemi Hadi Kikombe: Usalama wa Maji ya Bomba Shirimatunda



Ipo kauli ninayoisikia kwenye vikao vya mtaa, misibani, na hata vinywani mwa wataalamu wenzangu: kwamba maji ya Moshi hayana haja ya kupimwapimwa kwa sababu ni maji ya mlima. Yametoka kwenye theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, yamechujwa na mwamba, yamefika bombani yakiwa baridi na maangavu. Anayeyachemsha ni mgeni au ni mwoga. Kauli hiyo husemwa kwa mapenzi, na mapenzi hayo ninayo mimi pia niliyezaliwa kwenye mteremko huu. Lakini inaumiza watoto. Kwa hiyo nitaivunja kipande kwa kipande, hata kama ratiba itanilaumu.

Nianze na theluji. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika kilomita za mraba zipatazo 12. Lonnie Thompson, aliyeitoboa barafu hiyo mwaka 2000, alionyesha pamoja na wenzake kwamba kufikia 2007 asilimia 85 ya eneo hilo ilikuwa imetoweka. Kama bomba zetu zingekuwa zinanyonya barafu, leo chemchemi za Nsere na Shiri, zinazolisha mji huu, zingekuwa vijito vya kulowesha nyayo tu. Tena sehemu kubwa ya barafu ile haiyeyuki hata kidogo. Jua kali na hewa kavu ya kileleni huigeuza mvuke moja kwa moja, ikaondoka na upepo bila kudondosha tone bondeni. Maji yetu ni mvua na ukungu wa msituni. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, aliandika mwaka 2005 kwamba moto unaoteketeza msitu wa juu unatunyang'anya maji mengi kuliko kupotea kwa barafu. Wanaolilia theluji na kuuacha msitu uungue wanalilia kitu kisichowanywesha.

Sasa mwamba. Wanasema mwamba unachuja. Mchanga unachuja, mwamba wa volkano uliojaa nyufa ni jambo jingine. Maji hupita kwenye nyufa hizo kwa kasi, na vijidudu hupita nayo. Na kati ya msitu na bomba la Shirimatunda, kata yetu hapa Moshi, kuna ukanda wa vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, ambao ni miongoni mwa sehemu za vijijini zenye watu wengi zaidi nchini: migomba, kahawa iliyopigwa mrututu miaka nenda miaka rudi, ng'ombe wa ndani, na choo cha shimo nyuma ya kila nyumba. Mvua inayoanguka msituni ikiwa safi inasafiri chini ya maisha yetu yote kabla haijatufikia.

Kuhusu uangavu nitasema kidogo tu, maana jambo hili wenzangu wanalijua. Jirani yetu Meru ni mlima wa volkano kama huu, na una chemchemi zinazong'aa kama kioo zenye floridi ya kutia meno madoa na kupinda mifupa ya watoto. Taifa hili liliwahi kuruhusu, tangu 1974, hadi miligramu 8 za floridi kwa lita kwa maji ya vijijini, kwa sababu tu hakukuwa na maji mengine. Baadaye ikawa 4, na kiwango cha mwaka 2018 kikatufikisha kwenye 1.5 inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Chemchemi za upande wetu wa kusini kwa kawaida zina floridi kidogo, na tumshukuru Mungu. Hata hivyo jicho halikutuambia hilo. Maabara ndiyo iliyotuambia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kauli hii hubandikwa kwa wazee, eti wao walikunywa tu. Bibi yangu aliishi Old Moshi, kando ya mfongo, mfereji wa jadi wa Wachagga. Alituamsha kabla jogoo hajamaliza kuwika ili tukateke maji ya kunywa wakati mfereji umetulia, kabla ng'ombe hawajatolewa na kabla mtu hajafungulia maji shambani. Aliyeosha miguu juu ya mahali pa kuteka alisemwa mbele ya ukoo. Mtungi wake ulifunikwa, na kata ya kuchotea haikuguswa na mkono wenye unga. Mwanahistoria Matthew Bender, katika kitabu chake cha 2019 kinachobeba kwenye jina lake msemo wa Kichagga kwamba maji hayaleti madhara, anaeleza jinsi mifongo ilivyoendeshwa kwa kanuni, uongozi na zamu. Jamii inayoamini kwamba maji hayawezi kuchafuka haitungi kanuni za namna hiyo. Wazee waliyalinda maji hadi yalipofika mdomoni. Sisi tumeyalinda hadi kwenye mita, halafu tukaenda kulala.

Hapo ndipo kitabu ninachokipenda kuliko vyote katika taaluma yangu kinaponisaidia. Kinaitwa Drawers of Water, kilitoka Chicago mwaka 1972, na waandishi wake ni watatu: Gilbert White, mwanajiografia; David Bradley, daktari aliyekuwa Makerere; na Anne White, mkewe Gilbert. Katika miaka ya 1960 walizunguka Kenya, Uganda na Tanzania, maeneo 34, Moshi na Mkuu ya Rombo zikiwamo, wakafanya jambo ambalo wahandisi wa wakati ule hawakulifikiria: walimfuata mtekaji. Waliuliza kwa nini ameiacha chemchemi ya karibu akaenda ya mbali, anabeba lita ngapi, nani anaoga kwanza, nani anabaki bila kuoga. Walimtendea mwanamke mwenye ndoo kichwani kama mtu anayefikiri, anayepima ladha, umbali, gharama na majirani atakaokutana nao huko. Ningependa kila mhandisi wa maji wa nchi hii akisome kabla hajapewa kofia ngumu.

Ndani ya kazi hiyo Bradley aliyapanga magonjwa ya maji kwa makundi manne, na mpango huo haujapitwa na wakati. Yapo yanayobebwa na maji, kama kipindupindu na homa ya matumbo. Yapo yanayotokana na maji kuwa machache mno ya kunawia na kuogea, kama trakoma na upele. Yapo ya viumbe wanaoishi majini, kama kichocho. Na yapo ya wadudu wanaozaliana majini, kama malaria. Ukitazama vizuri utaona kuhara kumekaa makundi mawili ya kwanza kwa pamoja: mtoto anaweza kuugua kwa maji aliyokunywa, au kwa maji ambayo mama hakuwa nayo ya kunawa mikono alipomaliza kumtawaza. Mjadala wetu wa kutia maji klorini, dawa ya kuua vijidudu, unalisahau kundi la pili kila siku.

Miaka thelathini baadaye, Mark Mujwahuzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akiwa miongoni mwao, watafiti walirudi kwenye maeneo yale yale. Kaya zenye bomba zilizokuwa zikitumia wastani wa lita 128 kwa mtu kwa siku sasa zilitumia 66. Bomba zilizokuwa zikitoa maji usiku na mchana zilikuwa zimeanza kutoa kwa saa chache. Watu walikuwa wamenunua ndoo, madumu na matangi. Mtekaji alikuwa amerudi, safari hii ndani ya nyumba yenye bomba.

Mwaka jana mama mmoja wa Shirimatunda aliniruhusu kupima maji yake. Bomba lipo uani, karibu na mita. Pembeni ya jiko kuna ndoo ya lita 20 yenye mfuniko uliopasuka, na kikombe cha plastiki cha kuchotea kimelala juu yake. Nilitia kidonge cha kupimia klorini kwenye kichupa cha maji ya bomba. Yakageuka rangi ya waridi, hafifu lakini inaonekana. Nikatia kidonge cha pili kwenye maji ya ndoo, yaliyokingwa jana yake kutoka bomba lile lile. Yakabaki meupe. Kijana wa nyumba akaniuliza kama kidonge kimeharibika. Kidonge kilikuwa kizima. Klorini ndiyo iliyokuwa imekwisha, sehemu imeruka hewani, sehemu imeliwa na uchafu wa vidole na wa kikombe. Mama akanieleza kwamba maji yakikatika halafu yakarudi, ya kwanza huwa na rangi, naye huyaacha yamwagikie migomba. Anafanya sawasawa. Bomba likikosa msukumo, kila tundu linalovuja kwenda nje huanza kunyonya kuja ndani, na mtaro wa bomba mara nyingi umepita jirani na karo la mtu.

Hilo la ndoo si la Shirimatunda peke yake. Busia, ng'ambo ya mpaka nchini Kenya, mwanauchumi Michael Kremer na wenzake walijengea chemchemi kwa saruji na kupima. Matokeo yao ya 2011 yanasema uchafu wa kinyesi chemchemini ulipungua kwa asilimia 66, lakini ndani ya nyumba nafuu ilikuwa ndogo kuliko hiyo, kwa sababu maji yalichafuka tena njiani na vyomboni.

Atainuka mtu aseme: basi tugawe klorini majumbani, yaishe. Hoja hiyo naiheshimu. Kremer huyo huyo amekusanya majaribio mengi na kuona kwamba kutibu maji kunapunguza vifo vya watoto wadogo kwa takriban robo; hakuna mwenye akili timamu atakayeidharau robo ya makaburi madogo. Kwa upande wa pili, jaribio kubwa la magharibi mwa Kenya lililochapishwa 2018 liliwapa kina mama klorini, na kuhara kwa watoto hakukupungua. Nimeyapima yote mawili kwa muda mrefu. Klorini ibaki mtamboni, tena isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale bomba linapomwaga. Na mwenye ndoo aendelee kuchemsha au kutia dawa. Pamoja na hayo yote, naamini, na nitaendelea kuamini, kwamba bomba lisilokatika saa 24 ni kinga kubwa kuliko dawa yoyote tutakayoitia. Msukumo wa kudumu huzuia karo kuingia kwenye bomba. Unaiondoa ndoo jikoni. Unamwachia mama maji ya kunawia mikono bila kuhesabu vikombe.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaosimamia maji, hapa Moshi na kwingineko, ni la kiufundi. Sampuli zisichukuliwe kwenye tangi na kwenye bomba za barabara kuu peke yake. Zichukuliwe mwisho wa laini, saa ya kwanza baada ya maji kurudi, na zichukuliwe kwenye kikombe anachonywea mtoto. Bili ya kila mwezi ionyeshe saa ambazo maji yalitoka, kando ya uniti zilizotumika. Na majibu ya vipimo yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata ya Shirimatunda, kwa Kiswahili, mtaa kwa mtaa, mwezi ule ule yalipopatikana.